Windo la Herufi W

Jumatatu, 3 Machi
Leo ni leo! Mhariri mkuu wa kamusi yetu amenipa neno "windo", yaani mnyama anayewindwa. Maana tunayo. Kinachotakiwa ni mfano wa matumizi, na ofisi yetu haina mchezo: sentensi lazima itoke kinywani mwa mtu, na msemaji aandikwe kwenye kadi. Kutunga marufuku! Miwani, wa meza ya pili, naye kapewa neno hilohilo. Atakayetangulia kufikia Ijumaa atakabidhiwa herufi W nzima. Atakayeshindwa atapelekwa stoo kubandika majalada. W ni yangu!

Jumanne, 4 Machi
Watu hawasemi "windo"! Nimemwendea shemeji, bingwa wa kutega panya. Nikamwuliza anachokivizia anakiitaje. Panya. Na kabla hakijanaswa? Panya. Nikambembeleza afikirie vizuri. Akaniuliza kama dada yake ananilisha vizuri huko nyumbani. Hasara tupu.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali! Nimeficha samaki mkavu nyuma ya kabati la Miwani, paka wa ofisi aje anyemelee, na mtu aseme paka kaona windo. Paka kalala kutwa. Mama mfagiaji kasema kuna mtu humu haogi, akanikodolea macho mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Saa nne asubuhi nimefungua boksi nililoazima kwa shemeji. Panya hai! Watu wamepiga mayowe ya kila namna, hakuna hata moja linalofaa kamusi. Miwani na mhariri mkuu wamepanda meza moja. Paka kumwona panya, mbio! Panya nyuma yake! Ndipo Miwani akasema, "Haya, leo windo linamkimbiza mwindaji!" Lo! Sentensi tamu! Nimeiandika papo hapo. Msemaji nimwandike Miwani? Thubutu! Nimeandika "muuza nyama, sokoni".

Ijumaa, 7 Machi
Kadi yangu imefika ya kwanza! Mhariri mkuu kaisoma mara mbili, akauliza huyo muuza nyama alikuwa amesimama juu ya meza gani. Jamani. Kasema hakuna kanuni inayokataza kumnukuu mpinzani. Ningeandika ukweli, W ingekuwa yangu. Sasa ni ya Miwani. Mimi niko stoo, gundi hadi viwikoni. Nimelia kidogo.

Ila nimesikia Miwani anahangaikia mfano wa neno "wasiwasi". Nikimtangulia, watanirudisha tu! Mjomba anafuga nyuki. Nimemwomba aniazime mzinga mmoja, mdogo.