Bomba Lenye K Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara ametangaza: atakayepata mchanga wa tsunami ya kale ataongoza safari ya kuchimba kisiwani. Ni mimi au Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Miwani! Mtu anayepima hata chai yake kwa rula! Safari ni yangu. Nimemwambia mke wangu anifulie kofia. Akasema nina mikono, nifue mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Kinamasini. Tumezamisha mabomba kwenye tope, kila mtu lake. Tope limemeza kiatu changu cha kushoto. Shauri yake! Miwani ameandika mistari sita kwenye bomba lake. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mimi nimeandika K huku, yaani kichwa, na K kule, yaani kitako. Basi! Nikawahi kiti cha mbele garini.

Jumatano, 5 Machi
Nimepasua bomba. Tope jeusi, tope jeusi, halafu chini kabisa, mchanga mweupe! Bahari iliwahi kupanda hapa enzi za mababu! Nikapiga kelele, mfagizi akaja mbio na ndoo. Nikampigia shemeji yangu, dereva wa lori, nikamtambia. Akauliza ni kinamasi kipi. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Mkuu amechokoa mchanga wangu, kikatoka kizibo cha soda. Akauliza kwa upole kama mababu walipenda ya machungwa. Nikajibu kwamba wimbi lilikuwa na nguvu sana. Miwani akauliza K ipi ni ipi. Nikaligeuza bomba huku na huku. Kumbe nilishika bomba miguu juu! Mchanga ulikuwa juu kabisa, wa juzijuzi. Shemeji naye akapiga simu: aliumwaga yeye mwezi uliopita, lori lisikwame. Kisiwa amepewa Miwani, ambaye bomba lake lina mchanga wa kale kweli. Nimeumia, sifichi. Nimekula chakula cha mchana nimeelekea ukutani.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani ameniomba nifuatane naye, niandae mabomba. Ameona hawezi bila mimi! Mkuu ameniita pembeni, akanionya nisithubutu tena kuandika K mbili. Mke wangu naye anasema niandike maneno mazima. Ya nini kupoteza wino? Mimi mtu wa kuambiwa mara moja tu. Mabomba yote ishirini yako tayari, kwa wino usiofutika. Juu nimeandika M, mwanzo. Chini M, mwisho.