Nakala Namba 212

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Siku tano zimebaki. Jumamosi chama kinachagua Mtunzaji mpya, na safari hii ni mimi. Sijatulia tangu asubuhi. Nimekaa, nimesimama, nimeenda dirishani, nimerudi. Dada yangu Marlys ameniuliza kama ninaumwa tumbo.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua ilivyokuwa. Sisi ni Chama cha Wapenzi wa *Wachungaji wa Ukungu*, tawi la mji wa Duluth, watu kumi na wanne. Tunacho kitabu chenyewe, chapa ya kwanza kabisa, chenye sahihi ya mwandishi kwa wino wa kahawia. Kila Februari mwanachama mmoja anakabidhiwa akae nacho nyumbani mwaka mzima. Wenzangu wote wa zamani wameshawahi kukabidhiwa. Carl wa posta alikabidhiwa, na Carl anasoma akiwa kwenye maji ya kuoga. Mimi ni mwaka wa kumi na tisa nakosa. Watu wana wivu.

Wagombea ni wawili. Wanajadiliana mbele ya wote katika ukumbi wa chini wa kanisa, kisha zinapigwa kura. Mpinzani wangu ni Dwight Pelkey, mstaafu, dereva wa zamani wa gari la kusukuma theluji. Aliyekuwa mwanachama ni mkewe, Joyce. Joyce alifariki vuli iliyopita, na Dwight akaanza kuja na kukaa kwenye kiti chake. Miezi minne tu! Bado hajui majina ya mito yote saba ya kitabuni.

Mada ni tamthilia mpya ya televisheni: je, imekiharibu kitabu? Mimi nasema imekiharibu. Mwezi uliopita nilisimama nikaapa mbele ya watu kwamba sijaitazama na sitaitazama hata dakika moja. Walinipigia makofi. Tatizo ni kwamba sasa sijui nitaikosoa vipi.

Nimepata njia. Nitaitazama kwa siri.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Nyumbani haiwezekani, Marlys ana masikio ya sungura. Nimeitazamia kazini, kwenye choo cha duka la rangi, kwa simu na hedifoni. Vipindi vinne.

Uozo mtupu. Kondoo wametengenezwa kwa kompyuta, na mmoja ana miguu mitano, nimemhesabu mara mbili. Ukungu hautoshi. Malkia amepewa mchumba. Mzee Hadwen, mchungaji mkuu, amenyolewa ndevu! Nimejaza kurasa sita za makosa. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu Krismasi.

Kipindi cha nne ndicho kilichonifanyia visa. Hadwen amefika ukingoni mwa mto wa mwisho na lazima amrudishe mbwa wake. Nilijua linalokuja, nimelisoma mara elfu. Sijui kilichonipata. Nimelia. Nimelia hadi bosi wangu, Curtis, akagonga mlango na kuuliza kama kuna msiba. Nikasema ndiyo. Akauliza nani. Nikasema mbwa wangu.

Sina mbwa. Curtis amenipa ruhusa ya nusu siku. Nimekitazama kipindi cha nne tena ndani ya gari, kwa ajili ya utafiti.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Kadi ya rambirambi imeletwa nyumbani, imesainiwa na wafanyakazi wote wa dukani. Marlys kaisoma, kanitazama, akauliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Nikasema Hadwen. Akasema apumzike kwa amani, akaibandika kwenye friji. Huyu mwanamke siku zote anajua zaidi ya anachosema.

Jioni Dwight kapiga simu. Sauti ya upole, ya kutia shaka. Ana wazo: Jumamosi kila mgombea alete nakala yake anayoipenda kuliko zote, asome sehemu moja kwa sauti. Yeye ataleta ile ya jalada laini yenye picha za waigizaji wa tamthilia, iliyonunuliwa dukani kwenye rafu iliyo mbele ya nyanya za makopo. Nilitaka kucheka. Kisha akasema, “Wewe najua utaleta ile 212. Sote tunangoja kuiona ndani.”

Jamani. Namba 212!

Nakala 212 kati ya 500. Jalada la kitambaa cha kijani, herufi za dhahabu, sanduku lake. Nimekuwa nayo miaka kumi na moja, haijatolewa nailoni ya kiwandani. Na hapo ndipo ilipo thamani yake yote. Mtu mwenye akili hafungui. Ndani ya chapa hiyo kuna michoro ambayo chapa nyingine hazina, na nimeieleza mikutanoni mara nyingi, kwa kirefu, mstari kwa mstari, kama ilivyoelezwa kwenye tangazo la mchapishaji.

Nikikataa, wataniona mwoga. Nikifungua, nimejichinja. Dwight kanitegea mtego na hata hakusikika kama anatega. Ndio ujanja wenyewe huo.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Nimezunguka meza ya jikoni hadi Marlys akaondoa zulia. Ndipo suluhisho likanijia: nitaipasha nailoni moto ilegee, nitoe kitabu, na Jumapili nikirudishe na kuibana tena kwa ile mashine ya kufungia brashi kwa nailoni pale dukani. Hakuna atakayejua.

Nimechukua mashine ya Marlys ya kukaushia nywele. Nailoni ikalegea, ikajikunja, kisha ikatoboka. Basi. Miaka kumi na moja ilikwisha kwa sekunde tatu. Nikasema liwalo na liwe, nikafungua jalada nione hiyo michoro.

Ilikuwepo michoro. Ilikuwa ya nyuki.

Nimegeuza ukurasa. Nyuki. Nimegeuza mia. *Ufugaji wa Nyuki Katika Maeneo ya Baridi*, toleo la tatu lililorekebishwa. Jalada la *Wachungaji wa Ukungu*, kijani, dhahabu, namba 212 kwa mkono, na ndani yake mizinga. Huko kiwandani walishona kitabu cha watu wengine kwenye jalada langu, na mimi nimekiweka sebuleni juu ya kibao chenye taa.

Marlys alicheka hadi akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akasema, “Kaka yangu, miaka kumi na moja nawafuta vumbi nyuki.” Kisha akanishauri niende na ile nakala yangu ya zamani iliyochanika, ninayoisoma tangu shuleni, niwaeleze ukweli, tucheke yaishe. Ushauri wa mtu asiyegombea chochote.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Sikumsikiliza. Mpango ni rahisi. Nitakiinua kitabu, watu waone jalada tu. Nitakifungua upande wangu. Nitasoma maneno ya Hadwen na mbwa kutoka kichwani, nikitupia macho nyuki mara moja moja. Nayajua kama jina langu.

Nimefanya mazoezi dukani kutwa, nikichanganya rangi. Mteja mmoja alitaka nyeupe ya maziwa akaondoka na kijivu cha ukungu. Curtis amemwambia anivumilie, nina msiba.

Nimepiga pasi joho langu la mikutano ya chama. Wengine wanavaa majoho ya kununua. Langu nimelishona mwenyewe kwa pazia.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Sitaruka kitu.

Mwenyekiti wetu, Bi. Lorna Tveit, ana miaka themanini na moja, alikuwa mkutubi. Aliweka kitabu cha chama katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe. Sikuweza kukitazama na sikuweza kuacha kukitazama. Mahali pake nyumbani nilishapaandaa. Nilishapima rafu.

Nikaanza mimi. Nilizungumzia ndevu, ukungu, kondoo wa miguu mitano na mchumba wa Malkia. Nilikuwa moto. Mtu mmoja akauliza nimejuaje kuhusu mguu wa tano wa kondoo ilhali sikuitazama. Nikasema habari huzagaa.

Dwight akasimama na karatasi moja. Alisema yeye si msomi. Alisema tamthilia aliitazama na Joyce hospitalini, usiku baada ya usiku, kwa sababu Joyce hakuweza tena kushika kitabu. Alisema kitabu kipo palepale rafuni, hakuna aliyekiiba. Kisha akasoma sehemu fupi, akakosea majina mawili ya mito, akakaa. Nikajua nimeshashinda.

Nikainua 212. Watu wakavuta pumzi. Nikafungua, nikatupia jicho mchoro wa moshi wa kulewesha nyuki, nikaanza:

“Nenda nyumbani, mbwa wangu. Mlango nimeuacha wazi. Ukifika kabla yangu, lala mahali pangu, kitanda kisipoe.”

Nilisikia mtu akipenga kamasi. Dwight alivua miwani akawa anaitazama tu. Nikafunga kitabu polepole, nikasema: haya ndiyo maneno ambayo televisheni haitaweza kuyafikia kamwe.

Bi. Lorna aliuliza kwa upole ni ukurasa wa ngapi. Nikasema 188. Akasema amekisoma kitabu mara arobaini na moja, na kwenye kitabu Hadwen anamwambia mbwa maneno mawili tu, “Nenda nyumbani,” kisha anavuka. Hayo mengine yote ni ya tamthilia. Kipindi cha nne. Alijua, kwa sababu alikitazama mara mbili.

Nilitafuta kichwani. Nilitafuta kote. Maneno mawili! Alikuwa anasema kweli. Ukurasa wa 188, mstari wa tatu kutoka chini, nauona hata sasa. Vipindi vinne vya chooni vimenifutia miaka thelathini ya kusoma.

Nilisema nakala 212 ina nyongeza. Carl akaomba aione. Nikasema ni dhaifu, inaweza kuchanika. Akaichukua. Ikapita mkono kwa mkono, meza nzima. Mwishowe mama mmoja mwenye shamba kule Hermantown akauliza kama anaweza kuazima, mizinga yake miwili imekufa kwa baridi.

Kura zetu ni mawe ya ziwani, meupe kwa mmoja, meusi kwa mwingine, ndani ya kopo la kahawa. Meupe ya Dwight: kumi na mawili. Meusi yangu: mawili. Moja ni langu mwenyewe.

Nimeumia. Nasema wazi, nimeumia. Nilitoka na joho langu nikasahau koti.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Nimeandika barua tatu za kujiuzulu. Ya kwanza ya hasira, ya pili ya heshima, ya tatu ilikuwa nzuri mno kuituma kwa watu wale. Marlys kapika viazi na nyama vya kuoka, vile ninavyovipenda. Nikamwambia aache kunicheka. Akasema hajacheka. Ni kweli, hakuwa anacheka.

Jumanne, tarehe 11 Februari

Mbele ya nyumba kumesafishwa theluji mpaka barabarani. Nikatoka kuona ni mwizi wa theluji wa namna gani huyo. Dwight, na koleo lake, na koti langu begani.

Alikunywa kahawa ya Marlys vikombe viwili. Nikamngoja aanze kujigamba, hakuanza. Akasema jiwe jeusi la pili lilikuwa lake. Nikamuuliza alikosea rangi? Akasema hapana. Joyce alikipenda kipindi kile kuliko vyote, na tangu azikwe hakuna mtu aliyeyasema maneno yale kwa sauti. Akasema alitaka kuuliza kitu, na kama ni usumbufu nimwambie. Kitabu cha chama anacho jikoni kwake, lakini kusoma peke yake hawezi. Anafika ukurasa wa tatu anajikuta anasikiliza nyumba tupu. Je, ningeweza kupita Alhamisi nimsomee?

Nikasema nitaangalia ratiba. Marlys akasema ratiba yangu iko wazi mpaka Pasaka.

Alipoondoka nilizunguka meza mara nane kwa furaha. Mpinzani kanionyesha udhaifu wake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe! Hawezi kusoma peke yake. Mpango: niende Alhamisi moja, mbili, tatu, mpaka anizoee. Kisha siku moja nisitokee. Atateseka. Ataniletea kitabu mlangoni akinisihi nikichukue, na Mtunzaji halisi atajulikana ni nani. Nimemweleza Marlys. Amekusanya vikombe, akasema mpango mzuri, niende.

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Nimekwenda. Kitabu kiko mezani, hakijafunikwa, kando ya kibakuli cha sukari. Sahihi ya wino wa kahawia nimeigusa kwa kidole. Nimesoma sura mbili. Dwight ameuliza maswali ya kijinga, nikayajibu yote, na majina ya mito nimemfundisha manne. Tumebishana saa nzima kuhusu zile ndevu, kahawa ikapoa, akatengeneza nyingine. Kaoka mkate wa viazi kwa kufuata karatasi ya Joyce, umeungua upande mmoja, nimekula vipande vitatu ili asishuku chochote.

Hajui kinachomngoja. Ila nimepiga hesabu upya na kuona kwamba Alhamisi tatu hazitoshi. Mtu wa aina ile huchukua muda kuzoea. Sura ni arobaini na sita, na nikitoweka kabla hazijaisha ataweza kupata msomaji mwingine. Kwa hiyo itabidi kwanza tukimalize chote. Ni hila kwelikweli, na wala hajashtuka: ameniuliza wiki ijayo napenda supu ya nini.