Ukucha Wangu na Viatu Vilivyochongoka

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Bosi katukusanya kabla duka halijafunguliwa. Tawi jipya linakuja, na Jumamosi atataja msimamizi wake. Ni mimi au Kengele. Kengele ni mwenzangu kwenye viatu vya wanaume. Jina alipewa kwa sababu hanyamazi. Miaka kumi na moja tunauza bega kwa bega, na sijampenda hata siku moja.

Sharti ni moja tu. Wiki nzima tuvae mzigo mpya, wateja wauone unavyotembea. Nikashangilia. Kisha nikafungua boksi. Vyeusi, vinang'aa, na mbele vimechongoka kama penseli!

Sasa siri, ambayo hakuna aijuaye ila daftari hili. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto umeota ukazama nyamani. Kosa si langu. Majuzi niliukata kona, ndani kabisa, kwa ustadi mkubwa, nao ukanuna.

Juu ya hapo nina maumivu yangu ya neva, mwaka wa sita huu. Nyayo mara siafu, mara umeme, mara ganzi tupu. Shuka likigusa vidole natamani kulipeleka mahakamani. Vidonge nameza asubuhi na jioni. Muuguzi wa zahanati alinipa amri: nisikate kucha mwenyewe, nisivae vya kubana, nisiloweke miguu kwenye maji ya moto, nizikague nyayo kila siku. Mwanamke mwema. Ana wasiwasi mno.

Jioni mke wangu kauliza mguu una nini. Nikasema hauna kitu. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi tangu goti lianze kumsumbua, kanitazama juu ya miwani. Simwamini akinyamaza.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza! Kengele ana macho ya kunguru. Akiniona nachechemea mguu wa kushoto, habari itamfikia Bosi kabla ya chai. Basi nikaamua kuchechemea wa kulia. Adhani nimeteguka kidogo. Kuteguka kuna heshima yake.

Saa mbili mpaka saa nne, kazi safi. Saa nne nikasahau ni mguu upi. Nikachechemea yote miwili. Bosi akauliza kama sakafu imepigwa nta.

Akaja bibi mmoja kumnunulia mumewe viatu vya ndani. Nikainama kumtolea, neva zikapiga umeme, nikatoa sauti ambayo sijui nilikuwa nimeitunza wapi. Bibi akanishika mkono. Akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akachukua kijiko cha kuvalia viatu, akaanza kunihudumia yeye! Akanishauri nichukue vipana. Akasema nyie vijana mnapenda urembo mno.

Nina miaka hamsini na miwili. Nimefurahi mpaka jioni.

Kengele aliona yote. Alimuuliza bibi kama anatafuta kazi.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya pili: dirisha. Chumba cha stoo, kisu cha kukatia maboksi, dakika kumi. Nikatoboa kiatu juu ya kidole gumba, tundu la ukubwa wa kifungo cha koti. Chini yake soksi nyeusi. Nani atajua? Hewa! Uhuru! Nikatembea kama bwana harusi.

Saa sita soksi ikatoboka. Kidole kikachungulia nje, chekundu kama nyanya, mbele ya mteja aliyekuwa karibu kununua jozi mbili. Akauliza kile ni nini. Nikasema ni mtindo mpya. Akataka kujua kama vipo vya madirisha miguu yote miwili. Kabla sijajibu, Kengele akapaza sauti toka kwenye rafu ya soksi kwamba mtindo ule unamkaa mtu mmoja tu duniani. Bosi akaja mbio. Nikakifunika kidole haraka kwa kukikanyaga na mguu mwingine.

Kosa! Niliona nyota mchana, nyingine zina mikia.

Nimepewa jozi nyingine. Ile ya dirisha ni yangu milele, kwa makato.

Jioni nikajitibu kwa siri. Beseni, chumvi, maji ya birika. Neva zilikuwa zimelala. Nikachovya kidole kidogo cha mguu, sikusikia joto. Nikajua maji yamepoa. Nikaongeza mengine. Mguu uko hewani, unashuka, mke wangu akaingia. Akachovya kiwiko. Akapiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Maji yalikuwa ya kuchemshia yai!

Nikamwambia mbona mimi nimejaribu na sikusikia kitu. Akakaa sakafuni kando ya beseni, ameshika kiwiko.

"Neva zako zinakudanganya," akasema. "Pasipo na moto zinapiga kelele, penye moto zinanyamaza. Sasa mimi ndiye nitakayekuwa neva zako. Lete huo mguu niuone."

Nilikaribia kulia. Badala yake nikasema nimechoka, nikavaa soksi, nikaingia kitandani. Saa moja na nusu. Watu walikuwa hawajala.

Alhamisi, 6 Machi

NIMEPONA! Nimeamka, maumivu hakuna. Hakuna! Kidole kimya kama maji ya mtungini. Mbinu zangu zimefaulu, sijui ni ipi. Viatu vilivyochongoka nimevivaa bila kukunja uso.

Siku ya ajabu! Nimeuza jozi tisa. Mteja alitaka kujua kama soli inateleza, nikamzungukia mara tatu kwa kisigino kimoja. Watu wakapiga makofi. Bosi katabasamu, na Bosi hutabasamu kwa msimu. Kengele kutwa nzima alikaa kwenye kiti, uso umemparama, hana neno. Kengele! Hana neno! Nikajua ni kijicho. Tamu kuliko asali.

Nikaingia nyumbani naimba. Mama mkwe alikuwa anapinda gauni sebuleni. Akasema nisimame pale pale.

Nikageuka. Sakafuni kulikuwa na alama tangu kibarazani nilipovua viatu. Za mguu wa kushoto tu. Nyekundu.

Soksi ilikuwa imelowa damu na usaha. Kidole kimevimba, kimeiva, na wekundu umeanza kupanda juu ya mguu. Na mimi sisikii kitu! Nikakibonyeza. Ni kama nambonyeza mtu mwingine.

Hapo, nakiri, nilishikwa na hofu.

Mkwe hamwonyeshi mama mkwe unyayo wenye usaha. Kuna mipaka. Yeye mpaka hakuuona. Akauvuta mguu, akaupakata mapajani juu ya lile gauni, akaufuta taratibu, akaufunga kitambaa safi. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba hili si guu, Mama, ni kidole tu.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Huwa wanaanza kukata kidole."

Ijumaa, 7 Machi

Zahanati. Mke kushoto, mama mkwe kulia, mimi katikati kama mtuhumiwa. Hata hivyo nilikuwa na mbinu. Nimemtumia Bosi ujumbe kwamba nina mafua makali, nikafanya hesabu ya kuwahi dukani mchana, nimepona kishujaa.

Kwenye benchi kakaa nani? Kengele! Mguu wa kulia, ndala, kidole gumba kimeviringishwa kitambaa. Naye kamwambia Bosi ana mafua!

Tukatazamana. Kisha kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo, akasema viatu vile vilikuwa vinamtoa roho. Ukucha wake ulianza kuzama Jumanne. Jana alikaa kutwa kwa sababu hawezi kusimama. Tukaanza kucheka. Tukacheka mpaka dada wa mapokezi akatishia kututenganisha.

Lakini nilimtazama anavyokunja uso kila akigusa sakafu. Yeye kidole kikimuuma anajua kinamuuma. Kabla ya leo sijawahi kumwonea mtu gere kwa kuugua.

Muuguzi ni yule yule. Kauliza nani alikata kona. Nikasema ukucha ulijikata. Mke wangu akakohoa. Muuguzi akakiinamia kidole kwa muda mrefu, akauzungushia wekundu alama ya kalamu, akaniitia daktari. Daktari akasema nimewahi, mfupa uko salama. Siku tatu zaidi, tungekuwa tunaongea habari ya kukiaga kidole. Mama mkwe akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kisha akaniambia pole mara tatu.

Sindano ya ganzi! Nikamweleza muuguzi kwamba ganzi ninayo ya kwangu, asijisumbue. Akajisumbua. Ilibainika neva zangu zikiona sindano huamka zote kwa pamoja. Niliwasalimia watu wa mtaa wa pili.

Kisha wakatoa ukanda mwembamba wa ukucha upande mmoja, wakauinua kwa kibanio nione. Kama punje ya mchele! Vurugu yote ile, punje ya mchele! Nikaanza kucheka. Kisha nikazimia, lakini kwa ustaarabu, upande wa mke wangu.

Nilipozinduka alikuwa bado ameushika mkono wangu. Akasema nimekuwa mzito. Akasema pia nikimficha tena atanikata miguu yeye mwenyewe. Mapenzi!

Dawa siku saba. Mguu juu ya mto. Malapa kwa wiki mbili. Jumatatu kufungwa upya.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya hukumu. Mke wangu kanisindikiza mpaka mlangoni na kusubiri nje, maana haniamini. Mimi na Kengele tulikuwa tumepanga pale benchini: tuseme tumegongana, kidole kwa kidole, ajali kazini. Tumeipanga vizuri. Tumesahau kupanga mahali. Bosi alipouliza, mimi nikasema mlangoni, yeye akasema stoo, kwa wakati mmoja.

Bosi akaitazama miguu yetu, mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Akauliza mafua yanaendeleaje.

Msimamizi wa tawi jipya ni dada anayeuza viatu vya watoto. Wiki nzima, wakati sisi tunachunguzana, yeye alikuwa anauza. Kavaa raba zake za siku zote. Hakuna aliyemwambia avae vya penseli, kwa kuwa vya wanawake havikuja. Haki? Haki. Nimempongeza kwa moyo mweupe. Kengele alitokwa na machozi, akasema ni dawa.

Mimi na yeye tumehamishiwa rafu ya nyuma: viatu vipana, vya watu wenye miguu ya taabu. Nilikwenda nimenuna. Ndani ya saa moja akaingia mzee anatembea kama anakanyaga makaa. Nikamuuliza: siafu au umeme? Akashtuka. Akasema vyote, na jioni moto. Tukakaa! Tukaongea nusu saa, neva kwa neva, kama waliosoma shule moja. Kasema watoto wake wanadhani anadeka. Nikamwambia hadeki hata kidogo. Nikamchagulia jozi pana, laini, isiyo na mshono ndani. Akasimama, akatembea mpaka dirishani na kurudi, akavuta pumzi ndefu.

Sijawahi kuuza kiatu nikajisikia vile. Kengele kauza jozi tatu. Mimi sita. Naandika tu.

Jumatatu, 10 Machi

Kidonda kinapendeza! Wekundu umeshuka chini ya alama ya kalamu. Muuguzi kafurahi. Akauliza nimejifunza nini. Nikaweka mkono kifuani, mbele ya mke na mama mkwe, nikaapa kwamba mimi ni mtu mpya. Nilisema maneno mazito. Mke wangu machozi yalimlenga. Hata mimi nilijiamini.

Nikapita dukani dakika moja tu, kusalimia. Ubaoni kuna tangazo. Mbio za wafanyakazi wa maduka, kilomita tano, Jumapili hii. Na jina la kwanza kwenye orodha ni la nani? Kengele! Na bendeji yake! Yule mnafiki anataka Bosi aone kwamba amepona kabla yangu!

Nimeandika jina langu juu ya lake. Kwa herufi kubwa.

Nyumbani nitasema ni mkutano wa wauzaji. Mkutano wa nje, wa kunyoosha viungo. Raba nimeshapata, nyekundu, nzuri ajabu. Mimi navaa arobaini na tatu. Zimebaki arobaini na mbili. Nimemuuliza fundi viatu kama zitatanuka kabla ya Jumapili. Kasema raba za aina ile hazitanuki.

Fundi hajui tu zimekutana na nani.