Kutafuta Katembo

Jumatatu, tarehe 13, mwezi wa sita 1966

Ninayo mashine! Mimi Paulin, karani wa bureau, ofisi ya ardhi, niliyefika Butembo kutoka Kindu na sanduku moja tu, leo nina mashine ya kutafutia mabomu. Fimbo ndefu, sahani chini, visikilizio vya masikioni. Askari wageni waliiacha walipoondoka, na adjudant Ignace wa jeshi la Beni alikuwa anatundikia koti lake. Ameniachia kwa viatu vyangu vya Jumapili. Ameapa kwamba inalia ikikuta shaba, chuma, hata sindano.

Mke wangu Victorine ameuliza nitaendaje kanisani. Nimejibu kwamba Mungu haangalii miguu. Zimebaki buti zangu za kazi, zenye misumari chini.

Sasa mwalimu Laurent ajihadhari. Tarehe 30, sikukuu ya uhuru, ukumbi wa parokia utaonyesha vitu vya zamani, na meza ya sarafu ni moja tu. Ataipata mwenye mkusanyo bora. Laurent anaweka zake katika albamu ya kitambaa laini, mimi zangu katika viberiti. Zile zenye tundu katikati anazo, ninazo. Tunakosa moja, wote wawili: faranga mbili za mwaka 1943, pembe sita, na picha ya tembo. Sisi wawili tunaiita katembo. Mafundi wa hapa wameziyeyusha kuwa bangili. Lakini ardhini lazima zimebaki, na ardhini nitaingia mimi.

Jumanne, tarehe 14

Imelia! Kila hatua, imelia! Uwanja wetu umejaa mali. Nimechimba mashimo kumi na tisa. Nimepata kopo la sardini na kipande cha jembe. Nikafikiri hazina iko chini zaidi.

Victorine alisimama mlangoni. Kisha akaniambia nivue buti. Nikavua. Kimya kabisa. Mashine ilikuwa inalilia misumari yangu.

Laurent naye akapita wakati huohuo, maana siku zote hupita wakati huohuo. Akauliza kama nimeanza kupanda viazi. Akaongeza: "Mon cher, rafiki yangu, kazi ya sarafu ni ya kichwa, hapana ya jembe." Nikatema mate. Nilikuwa na udongo mdomoni.

Alhamisi, tarehe 16

Vuhovi, kwa baiskeli, miguu mitupu. Nimewaambia watu natafuta mabomu yaliyosahauliwa tangu uasi wa 64. Kosa kubwa! Kijiji kizima kimekimbilia mashamba ya kahawa. Amebaki mjane mmoja, Mama Kanyere, anapepeta maharagwe. Amesema waasi walipita, hakukimbia, askari wakapita, hakukimbia. Hana sababu ya kumkimbia mtu asiye na viatu.

Nikaona heri kusema kweli. Nikamwuliza kwa heshima kama anajua katembo. Ungo ukatulia mikononi mwake. Macho yakajaa machozi.

"Katembo yangu iko hapa, chini ya ile mugomba," akasema. "Bwana yangu alizika ye mwenyewe, mwaka ya '43. Hapana gusa, mutoto yangu!"

Mwaka wa 43! Nikauliza kama anaweza kuniachia. Akasema, akiniachia, yeye atabaki na nini. Akaniambia anasali rozari kila jioni kwa ajili ya Katembo. Rozari kwa faranga mbili! Sijaona mtu anayependa sarafu kiasi hicho. Hata Laurent hasali.

Jumapili, tarehe 19

Wote wako misani Vuhovi. Mimi sina viatu vya misa, kwa hiyo nilikuwa na nafasi. Mimi si mwizi, iandikwe hapa. Nimeacha chini ya mgomba kiberiti changu chenye sarafu nne za tundu. Nne kwa moja! Mashine imelia vizuri, sauti nyembamba, safi. Nimechimba kidogo tu. Kopo la dawa ya viatu, lenye kutu. Nimepiga pedali hadi nyumbani bila kupumzika.

Nimelifungua mezani. Ndani, kitambaa. Ndani ya kitambaa, katembo! Pembe sita, mkonga, pembe mbili za ndovu, kila kitu. Nimeibusu. Kulikuwa pia na kitu kidogo kikavu, kama kipande cha ngozi, nikataka kukitupa.

Victorine amepiga kelele hadi majirani wametoka.

"Paulin! Hii ni kitovu ya mutoto! Umefukua mutoto ya batu?"

Nikasema hapana, nimefukua katembo. Akauliza Katembo gani. Hapo nilikaa chini. Katembo gani! Nusu ya mji huu ni akina Katembo. Kila mama wa hapa akizaa mtoto wa kiume wa tano, ni Katembo! Mlinzi wa bureau yetu ni Katembo. Nimemsalimu kwa jina kila asubuhi kwa miezi minane.

Baba wa mtoto alizika kitovu chake chini ya mgomba, akakiwekea na tembo kwa ajili ya jina. Na mimi nimeondoka nacho kwa baiskeli.

Victorine amesema kopo halilali nyumbani kwake. Limelala kwa kuku. Mimi pia, karibu.

Jumatatu, tarehe 20

Nimeomba ruhusa bureau kwa sababu ya jino. Mama Kanyere nilimkuta ameketi kando ya lile shimo, kiberiti changu mapajani. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali anipigie.

Amenieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto mgumu wa kuelewa. Mwaka wa 64 askari walimkamata Katembo barabarani, wakambebesha masanduku ya risasi hadi Beni. Tangu hapo, hakuna habari. Wengine wote walirudi au walililiwa. Yeye hajamlilia. Kitovu kikiwa mahali pake, amesema, mwenyewe anajua pa kurudi. Jana alipotoka misani akakuta shimo.

Nimezika kila kitu kwa mikono yangu, sarafu ndani. Nimelia, sioni haya kuandika. Kisha nikamaliza, nikanawa, na huu mdomo wangu, sijui ni nani aliyeniumbia, ukauliza: na ile sarafu, Mama, siku moja, labda?

Akasema si yake, ni ya Katembo. "Uliza ye mwenyewe."

Vizuri! Nitamwuliza. Ila lazima apatikane kwanza, na zimebaki siku kumi.

Alhamisi, tarehe 23

Beni. Nimesafiri juu ya lori la kabichi. Ignace alikuwa amevaa viatu vyangu, vimeng'aa kuliko wakati wangu. Nikamwuliza juu ya vijana waliobeba masanduku mwaka wa 64. Akakuna kichwa. Akasema kuna mmoja, anapikia askari kule Bungulu, jina lake halijui, wao wanamwita Sufuria tu.

Nikamkuta Sufuria anakoroga maharagwe. Nikasema Vuhovi. Mwiko ukasimama. Nikasema Mama Kanyere. Akakaa juu ya kuni.

Ni yeye! Aliwabebea askari, waasi wakamteka akawabebea wao, askari wakamteka tena. Aliogopa kwamba nyumbani wanamwita mwasi. Na baada ya miaka miwili, amesema, mama yake bila shaka amekwisha kumlilia, basi atawafufulia vipi msiba. Nikamwambia mama yake hajalia msiba wowote, na anasali rozari kila jioni mbele ya mgomba. Akageukia sufuria, akasema moshi unamwumiza macho. Moto ulikuwa umezimika zamani. Na mimi niliumizwa na moshi huohuo.

Nilikuwa nimepanga kumwuliza habari ya sarafu palepale. Haikuwezekana. Nitamwuliza njiani.

Jumamosi, tarehe 25

Njiani haikuwezekana.

Mama alituona kutoka mbali. Alitupa ungo, maharagwe yakatawanyika hadi barabarani. Alimpiga kijana makofi mawili, kwa miaka miwili, kisha akamkumbatia, hakumwachia tena. Kijiji kizima kimetoka kwenye kahawa. Nimekula kuku wawili. Mama ameniita mutoto yangu mbele ya watu wote, na nilifurahi sana, kuliko nilivyotegemea.

Baada ya kuku wa pili nikamwuliza Katembo. Alicheka sana. Akasema niombe mbuzi, niombe kahawa, atanipa. Ile, hapana. Ile imemvuta kutoka Beni, basi ibaki pale. Nikamwambia si neno.

Ni neno.

Alhamisi, tarehe 30

Sikukuu. Meza amepewa Laurent. Albamu wazi, kioo juu yake, na nafasi moja tupu yenye karatasi: 2 F 1943, haipatikani. Nimeingia na buti zangu, ko, ko, ko, ukumbi mzima umegeuka.

Kisha wakaja Mama Kanyere na Katembo wake, Mama amemshika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Amesimama mbele ya meza, akauliza ile nafasi ni ya nini. Alipoelezwa akasema kwa sauti kwamba inapatikana sana, iko kwake, na mtu mmoja tu hapa Butembo ameishika: Monsieur Paulin. Uso wa Laurent! Nitaukumbuka hadi uzee.

Mama alikuwa katika furaha, akamsimulia Victorine mambo ya nyumbani. Baada ya Katembo alimzaa Mbusa, mwisho wa 44. Huyo kitovu chake kiko kando ya kahawa. Baba yao alimwekea tembo pia, amesema, lakini ingine, kubwa, nyeupe.

Mwisho wa 44. Kubwa. Nyeupe. Faranga hamsini za 1944, za fedha tupu! Laurent hajawahi hata kuiota!

Victorine alinitazama. Nimemwapia kwamba mambo ya kufukua yamekwisha. Kesho nakwenda Vuhovi kumsalimu Mbusa tu, si vizuri kumjua ndugu mmoja na kumwacha mwingine. Mashine nitaibeba ipate hewa. Na mtu hujifunza: buti nitaziacha nyumbani.