Rasi Nzima kwa Lozi Moja

Jumanne, 17 Desemba 1895
Barafu bado imeibana meli. Mchana giza, usiku giza. Saa ya ukutani ndiyo inayotuambia wakati wa kuamkiana. Lakini leo nina furaha! Kwenye kahawa ya asubuhi Nahodha Aslaksen ametangaza jambo. Ile rasi yenye nundu tuliyoiona Septemba, kabla hatujakwama, bado haina jina. Wafadhili wote wa safari wamekwisha kugawiwa mahali pa kuitwa kwa majina yao. Muuza soseji wa Bergen amepata ghuba nzima, mkewe mlima. Basi rasi ni yetu sisi wa melini. Mkesha wa Krismasi, atakayekuta ile lozi moja inayofichwa ndani ya uji wa sikukuu, rasi itaitwa kwa jina lake. Kwenye ramani! Kwa wino!

Moyo nusura unitoke. Mzee Rasmus, mwoka mikate kule Tromsø, aliniambia mbele ya wateja wake wote kwamba bintiye Petra haolewi na mtu asiye na jina. Haya, jina si hilo? Ingebrikt Skaar, mwenye rasi. Na nani anashika ufunguo wa stoo ya chakula humu melini? Mimi.

Lorents, mrusha chusa wetu, naye anamtaka Petra. Ana mabega, ana kodiani, ana mbwa. Aliponiona natabasamu akaniambia nisijisumbue bure, maana humu melini hata Grom anajulikana kuliko mimi. Grom ndiye huyo mbwa. Watu wakacheka. Tutaonana, bwana mabega.

Jumatano, 18 Desemba
Mpango ni rahisi. Nachukua lozi nyingine stooni, naificha mfukoni, siku yenyewe inahamia mdomoni. Kila mtoto wa kwetu anajua: aliyepata lozi hasemi. Huiweka shavuni mpaka bakuli zote ziishe, ili wenzake waendelee kula kwa tamaa. Nani atajua yangu imetoka wapi?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama stooni mpaka kiuno kikalia. Kopo la lozi nikalipata. Tupu! Panya, nikasema, panya wakubwa. Kisha nikakumbuka. Oktoba, jua lilipotuaga, nilikuwa na huzuni, na lozi husaidia huzuni. Novemba nayo ilikuwa na huzuni yake. Ilibaki moja tu, na mpishi Tollef amekwisha kuichukua. Ameifunga kwenye leso na analala nayo.

Ijumaa, 20 Desemba
Nimechonga lozi! Nimetumia jino la yule dubu tuliyemla mwezi jana. Nimelisugua kwa tupa, nikaling'arisha kwa jivu. Lozi kabisa. Nzuri kuliko lozi. Mama yangu angeitia kwenye keki bila kuitazama mara mbili.

Ajabu moja. Wiki hii kila mtu amekuwa fundi wa kuchonga. Eilert, mtu wa mitambo, nimemkuta pembeni anakwangua kipande cha sabuni. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anajiandaa kuoga. Eilert! Kuoga! Nimemhurumia sana. Giza limemwingia kichwani.

Jumatatu, 23 Desemba
Sikupata usingizi. Ile lozi ya kweli bado ipo! Mtu mwingine akiikuta zitakuwa lozi mbili, na mimi nitaumbuka. Na mtu mwenyewe akiwa Lorents? Rasi ya Lorents! Petra anaisoma, anatabasamu! Hapana. Lazima itoke sufuriani.

Nikamwendea Tollef, nikajitolea kukoroga uji kesho. Akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni. Akasema tangu tung'oe nanga sijajitolea hata kupiga chafya, leo kuna nini? Nikamwambia ni baraka za Krismasi. Akasema haya, lakini nikionja tu, atanikata ulimi autie kwenye supu.

Jumanne, 24 Desemba, Mkesha wa Krismasi
Naandika kwa taabu. Shavu limevimba.

Jikoni mambo yalianza vizuri. Tollef alitia lozi yake, akatoka kutafuta mdalasini. Mdalasini nilikuwa nimeuficha mimi. Nikaivua lozi kwa mwiko. Hiyo hapo, nyeupe, ya moto! Mara nikasikia viatu vyake mlangoni. Nimeze? Inaunguza. Nitie mfukoni? Atanipekua, ananijua. Grom alikuwa amekaa chini, mdomo wazi, ananitazama. Nikamtupia. Akadaka. Kwisha! Nikampapasa kichwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mimi na yule mbwa kupatana.

Mezani palipendeza. Mishumaa, uji wenye siagi katikati, Nahodha na koti lake la vifungo vya shaba. Tulikula kimya. Kila mtu shavu limemtuna upande mmoja, nikadhani ni baridi imewaumiza meno. Bakuli zilipokwisha, Nahodha akasema aliye na lozi na asimame.

Nikasimama. Akasimama na Eilert. Wakasimama mabaharia wote. Akasimama Tollef, mpishi mwenyewe! Ni Lorents tu aliyebaki kitini. Alisema yeye hakupata kitu, ila uji ulikuwa mtamu na anashukuru. Mnafiki.

Nahodha hakukasirika. Alitukagua mmoja mmoja, akapangusa miwani yake.

“Vizuri sana,” akasema. “Lozi huliwa. Tafuneni.”

Jamani! Eilert alitoa povu mpaka likamwenea ndevu zote. Mabaharia walitafuna lozi zao za nta ya mishumaa huku wakisifia utamu. Lozi ya Tollef ilikuwa unga na chumvi. Mimi niliuma kwa nguvu zangu zote, mbele ya watu, huku natabasamu. Jino la dubu likakutana na jino la Skaar. Dubu hata akifa ni dubu.

Nilikuwa bado nimeshika shavu Grom alipoanza kukohoa chini ya meza. Akakohoa, akajikunja, akatema kitu juu ya kiatu cha Nahodha. Nahodha akakiokota, akakifuta kwa kitambaa, akakiinua kwenye taa. Lozi. Nzima, haina hata alama ya jino.

Meli ilitikisika kwa vicheko. Nahodha akasema ahadi ni ahadi, hakuna aliyesema lazima aliyeipata awe na miguu miwili. Akaikunjua ramani palepale, akachovya kalamu. Rasi ya Grom. Lorents alilia kwa furaha, akachukua kodiani akapiga mpaka vidole vikachoka. Alisema kila atakayeiona ramani hiyo atauliza Grom ni mbwa wa nani. Petra ataiona ramani hiyo. Atauliza. Mimi pia nililia. Nikasema ni jino.

Ijumaa, 27 Desemba
Tollef amening'oa kipande cha jino kilichobaki, kwa koleo, akiimba. Nimelala kitandani nikifikiri, na nimeliona kosa langu lilikuwa wapi. Jino la dubu ni gumu mno. Ningechonga jibini.

Lakini hayo yamepita. Mzee Rasmus alisema nini hasa? Mtu mwenye jina. Hakusema jina gani! Tukifika Tromsø, kabla ya kwenda kwa mwoka mikate nitapitia kwa mchungaji. Nitabatizwa upya. Grom Skaar. Nitamkunjulia Petra ramani, nitaweka kidole palepale kwenye nundu, nami sitasema neno. Lorents atabaki na kodiani lake.

Nimeanza mazoezi, nisije nikaitwa mbele ya mzee nikasahau kuitika. Leo mchana Lorents alisimama sitahani na bakuli la mabaki ya nyama, akapiga mluzi.

“Grom! Njoo ule, mwanangu!”

Nikaitika, nikakimbia, nikafika wa kwanza. Lorents akaniuliza kama nimepatwa na wazimu. Nikamjibu kwa heshima kwamba ameita, nami nimekuja.

Mbwa ameniuma paja. Wivu tu huo.