Kopo ya Mbika

Kazi moja, ndiyo jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba
Baridi! Nimefungua chupa ya mbegu zangu za boga: ukungu mutupu. Nilizifunga zingali na maji, kizibo ngii. Nani alikuwa na nguvu ya kuanika? Na siku ya posho, jumamosi hii, komite itatumbukiza mbegu kumi za kila mutu katika maji: mbegu nzima inazama. Mwenye nyingi za kuzama ndiye Prezida ya Mbegu za kambi yetu yote, na anapewa kiti cha plastiki juu. Kiti changu hicho!

Kazi mbili, tarehe 9
Nimemtembelea jirani, mama Angèle, mujane mwenye maboga kama vichwa vya kiboko. Kopo yake inakaa kwenye rafu juu ya moto, mbegu zimelala katika majivu. Nikakohoa mpaka akatoka kuniletea maji. Hapo hapo! Zangu za ukungu katika kopo yake, zake katika kaptula yangu. Nyumbani nikazimwaga katika kopo yetu ya maziwa. Nanuka majivu kama jiko. Raha!

Kazi ine, tarehe 11
Chouchou, bibi yangu wa ndoa, amekaanga mbika, zile mbegu za boga, na chumvi. Tamu! Nimekula mikono mitatu, huku najizoeza kukaa kama prezida. Nilimuuliza amezitoa wapi. Alisema mwanaume akule tu, mambo ya jiko asiulize.

Siku ya posho, tarehe 13
Aibu! Nimefungua kopo mbele ya komite: mbika kumi na mbili, zimeungua, na chumvi. Ruffin wa komite akaonja moja, akasema hii inaomba pombe. Chouchou akashangaa: alikuta kopo imejaa, akafikiri nimemununulia zawadi.
Kopo ya Angèle nayo, ukungu. Nikaanza kucheka. Yeye akafungua kilemba, akatoa kifuko cha mbegu zingine, nazo zimelala katika majivu. Kumbe hawekagi mbegu zote pamoja. Kumi zikazama kumi.
Alipokaa kwenye kiti changu akaniuliza, polepole, “Baba Mwamba, kile kikohozi kimepona?”
Kisha akagawia kila mutu mbegu kumi. Hata mimi.

Siku ya yenga, jumapili, tarehe 14
Kumi zinatosha! Mwaka kesho kiti ni changu. Nimeziosha majivu yote, mutu asijue zimetoka kwa nani. Kuanika? Angèle ataziona. Nimezitia katika chupa zingali na maji. Kizibo ngii.