Rangi Kwenye Vikombe

Jumatatu, 8 Machi 1999
Namshukuru Mungu, bahati imenikumbuka! Mwalimu Elinipa, yule Mpare aliyehamishiwa hapa kambi ya wakimbizi, anatafuta mtunza maktaba. Maktaba yenyewe ni kibanda cha turubai, vitabu arobaini na kufuli moja. Ufunguo wa kufuli hilo nautaka kuliko viatu. Shule yangu ya Rumonge, ng'ambo ya ziwa, ilichomwa kabla sijamaliza, na tangu hapo sijakaa karibu na vitabu vingi hivyo. Sharti: Jumamosi tueleze maana ya rangi katika riwaya moja ya Kimarekani. Tumebaki wawili, mimi na Ngendakumana. Nakala ni moja tu. Yeye ameanza nayo, mimi naipata keshokutwa.

Jumanne, 9 Machi
Nimemwomba Ngendakumana anisimulie kidogo tu. Kasema nikisome mwenyewe. Mchoyo! Jioni kaniletea nusu ya sabuni yake nifulie shati la Jumamosi. Nashukuru. Mchoyo hata hivyo.

Jumatano, 10 Machi
Kitabu kimefika. Kurasa mia mbili, Kiingereza kitupu! Mimi nilisomeshwa kwa Kifaransa. Ndipo akili ikanijia. Kama wanataka rangi, ya nini kusoma mengine? Nimepanga vikombe vinne. Nikikuta njano, natia punje ya mahindi ya posho. Nyeupe, mchele. Nyekundu, haragwe. Kijani, choroko. Nafaka zote ni za mama Rozalia, jirani anayenipikia tangu tulipovuka ziwa pamoja. Sikutaka kumsumbua kwa kumwomba.

Alhamisi, 11 Machi
Nimemaliza! Njano imeongoza, kikombe kinafurika. Vyote vinne nimevificha chini ya kitanda. Nikamshauri Ngendakumana asijichoshe. Kasema amekisoma mara mbili na mwishoni alilia. Mtu mzima, kulia kwa ajili ya rangi! Nimemhurumia kwa dhati.

Ijumaa, 12 Machi
Balaa! Mama Rozalia kaja kunifagilia, kaviona vikombe. Kadhani namdundulizia chakula. Kanishukuru, kaniita mwanawe, machozi yakamtoka. Kisha kachanganya kila kitu na kupika makande. Ningesema nini? Nilikuwa na njaa. Nimekula utafiti wote. Ulikuwa mtamu, nashukuru.

Jumamosi, 13 Machi
Ngendakumana kaeleza nusu saa. Zamu yangu ikafika, sina hata punje. Nikasema ninachokijua. Kwamba njano ni mahindi ya posho. Yametoka nchi moja na kitabu hiki, yanang'aa kama dhahabu kwenye gunia, lakini ukiyala unakumbuka ugali mweupe wa kwenu. Kwamba nyeupe ni karabai za wavuvi wa dagaa wa Ilagala, waliotuonyesha ufuko huku tunachota maji mtumbwini kwa sufuria ya mama Rozalia. Nikamshukuru mama Rozalia mbele ya watu wote.

Mwalimu Elinipa akafuta macho. Akasema hata kwao, mwaka wa njaa, waliula unga huo wa njano na kuuita yanga, kwa rangi ya jezi za timu ya mpira. Kisha akaniuliza mhusika mkuu wa riwaya anaitwa nani. Nikajibu bila kusita kwamba anaitwa Njano.

Ufunguo kapewa Ngendakumana. Na mchoyo huyo, palepale, akaomba niwe msaidizi wake, mradi tusome pamoja kurasa kumi kila jioni. Nimemkumbatia mpaka akakohoa. Sijashukuru hivi tangu siku tuliyokanyaga mchanga wa Kigoma. Nimeapa kusoma kila neno.

Jumapili, 14 Machi
Tumeanza! Ukurasa wa kwanza nimeusoma wote, mpaka nukta. Ndipo Ngendakumana akataja kwamba hata mvua na joto vina maana zake humo ndani. Si angesema mapema! Nimemwambia naumwa kichwa, nikakimbilia nyumbani na kitabu. Vikombe viwili vinatosha. Mvua, punje ya mtama. Joto, karanga. Mama Rozalia kapita mlangoni, kaniona nahesabu, kanishukuru tena. Keshainjika sufuria.